Nakala 260: Ripoti ya Black na Swali la Mmiliki wa Utafiti wa Afya

Katika fani yangu, sosholojia ya tiba, liko swali ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulipita haraka: takwimu zikishakusanywa na kuchambuliwa, nani huamua zisomwe na nani? Tunawafundisha wanafunzi sampuli, dodoso, usaili na maadili. Uchapishaji tunauacha hadi sura ya mwisho, kana kwamba ni kazi ya karani. Historia ya Ripoti ya Black ya Uingereza inaonyesha kuwa hapo ndipo mapambano makubwa zaidi yanapoweza kuanzia.

Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilizindua Huduma ya Afya ya Taifa, NHS, ambayo ilimwezesha kila raia kutibiwa bila kulipa anapofika kwa daktari. Wengi waliamini kwamba kikwazo cha fedha kikishaondolewa, pengo la afya kati ya tajiri na maskini lingezibika lenyewe. Karibu miaka 30 baadaye pengo hilo lilikuwa bado lipo. Mwaka 1977 David Ennals, Waziri wa Huduma za Jamii katika serikali ya chama cha Labour, akaunda kikundi cha wataalamu wanne kuchunguza sababu.

Mwenyekiti alikuwa Sir Douglas Black, daktari aliyewahi kuwa Mwanasayansi Mkuu wa wizara hiyohiyo. Pamoja naye alikuwepo Jerry Morris, ambaye mwaka 1953 alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, waliugua moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Wa tatu alikuwa Cyril Smith, katibu wa baraza la utafiti wa sayansi za jamii. Wa nne alikuwa Peter Townsend, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Essex, bingwa wa utafiti wa umaskini. Kwa hiyo, mwanasosholojia hakuitwa kupamba ripoti ya madaktari. Aliketi nao meza moja kama mwandishi mwenzao.

Matokeo yao hayakuhitaji ufafanuzi mrefu. Mtu wa tabaka la vibarua wasio na ujuzi alikuwa na uwezekano wa kufa kabla ya umri wa kustaafu mara mbili na nusu zaidi ya mtu wa tabaka la wanataaluma. Watoto wa vibarua waliokufa wakati wa kuzaliwa au katika mwezi wa kwanza walikuwa maradufu ya wale wa wanataaluma. Waandishi walikadiria kwamba, kama vifo vya matabaka mawili ya chini vingekuwa kwa kiwango cha tabaka la juu, maisha ya watu 74,000 wenye umri chini ya miaka 75 yangeokolewa kati ya 1970 na 1972.

Uzito wa ripoti haukuwa katika takwimu peke yake. Waandishi walipima maelezo manne. La kwanza: pengo ni kiini macho cha namna matabaka yanavyopimwa. La pili: wagonjwa ndio wanaoporomoka kwenda tabaka la chini, si tabaka linalowaugua. La tatu: maskini wana tabia mbaya, wanavuta sigara na kula ovyo. La nne: hali halisi ya maisha, yaani kipato, makazi, kazi na malezi ya utotoni. Bila kuyatupa mengine yote, waliipa nafasi kubwa zaidi hoja hii ya nne. Mapendekezo yao 37 yakavuka mipaka ya hospitali na kugusa posho za watoto, chakula cha shuleni na nyumba za kuishi.

Lakini kazi ilichukua muda, na ndani ya kikundi kulikuwa na mvutano kuhusu kuhamisha fedha kutoka hospitali kubwa kwenda kwenye huduma za jamii. Mei 1979 Margaret Thatcher akashinda uchaguzi. Ripoti iliyoagizwa na serikali moja ikakabidhiwa mwaka 1980 kwa serikali nyingine, mikononi mwa Waziri Patrick Jenkin.

Hapa wanafunzi wa utawala wa umma na wawe makini. Ripoti haikupigwa marufuku, wala hakuna aliyekamatwa. Ilitolewa katika wiki ya sikukuu ya mwisho wa Agosti, wakati ambapo Waingereza wengi wako mapumzikoni. Nakala zilizorudufiwa zilikuwa 260 tu. Wizara haikuitisha mkutano na waandishi wa habari. Dibaji fupi ya Waziri ilieleza kwamba mapendekezo yangegharimu zaidi ya pauni bilioni 2 kwa mwaka, na kwamba hilo haliwezekani. Dibaji ikageuka hukumu iliyotangulia ushahidi: msomaji alielezwa kwamba jambo haliwezekani kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Waandishi hawakunyamaza. Black wakati huo alikuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari, na mkutano na waandishi ukafanyika hukohuko. Kisha mwaka 1982 Townsend, akishirikiana na Nick Davidson, akaihariri ripoti kwa lugha nyepesi ikachapishwa na Penguin kama kitabu cha bei nafuu. Waraka wa nakala 260 ukaingia maduka ya vitabu, vyuo vya wauguzi na vyama vya wafanyakazi. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua; namna ile ya kuificha ripoti ndiyo iliyoipa umaarufu.

Mchezo ulirudiwa mwaka 1987. Baraza la Elimu ya Afya, likiwa limebakiza siku chache livunjwe, lilikuwa litangaze utafiti wa Margaret Whitehead ulioonyesha kwamba pengo bado lipo. Mkutano na waandishi ukafutwa dakika za mwisho. Waandishi wa habari wakahamia ukumbi mwingine na habari ikatoka kwa kishindo kikubwa zaidi. Hata msamiati ulikuwa uwanja wa vita: katika miaka ya 1990 wizara ilipendelea kusema "tofauti" za afya badala ya "kukosekana kwa usawa". Tofauti ni za kawaida, hazina wa kulaumiwa. Usawa unapokosekana, mtu huuliza nani ameukosesha.

Ilipofika mwaka 1997 Labour wakarudi madarakani, wakaagiza uchunguzi mpya chini ya Sir Donald Acheson. Ripoti yake ya 1998 ilifuata kwa sehemu kubwa njia iliyofyekwa na Black. Mwaka 2008 Tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu vyanzo vya kijamii vya afya, ikiongozwa na Michael Marmot, iliipeleka hoja hiyo duniani kote. Miongoni mwa makamishna wake walikuwemo Anna Tibaijuka wa Tanzania na Charity Ngilu wa Kenya. Hoja iliyozikwa London ilifika kwetu ikiwa imebebwa pia na mikono yetu.

Kwa nini ninawaandikia haya? Kwa sababu nasi tumeonja suala hili. Septemba 2018 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyozuia kutangaza taarifa zenye lengo la kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na makali hayo yakapunguzwa. Mjadala ule haukuwa wa wanatakwimu peke yao. Ulimhusu kila anayehesabu vifo vya wajawazito kata kwa kata na kukuta hesabu yake hailingani na ya juu.

Hata hivyo, si sheria pekee inayozika utafiti. Sisi wahadhiri tunapandishwa vyeo kwa makala katika majarida ya Kiingereza ambayo muuguzi wa zahanati hayaoni, na hata akiyaona hana fedha za kuyafungua. Ripoti za miradi humfikia mfadhili, zikaishia kabatini. Ni nakala 260 kwa njia nyingine, na safari hii hakuna waziri wa kumlaumu.

Kwa mtafiti chipukizi nashauri: soma kifungu cha haki ya kuchapisha kabla hujasaini mkataba, na uandike matokeo mara mbili, mara moja kwa jarida na mara moja kwa Kiswahili kwa watu waliokupa majibu. Mwanaharakati aidai ripoti yenyewe, asitosheke na muhtasari. Mtumishi wa umma anayeletewa rasimu yenye habari chungu akumbuke kwamba Jenkin alikuwa na haki ya kukataa gharama. Serikali hukataa mapendekezo kila siku. Angeweza kuyakataa mchana kweupe, ripoti ikiwa mikononi mwa wananchi, na wananchi wakapima hoja zake na za Black kwa pamoja.