Umetoka hosi na chuma mguuni? Soma hii kabla uingie bafu ya ploti

Wasee wengi wakitoka thieta huogopa kidonda tu. Ni sawa, lakini wiki ya kwanza nyumbani ngori iko bafuni: sakafu ya simiti, povu la sabuni, na mgonjwa mwenye magongo anayeambia kila mtu "niko fiti, niacheni".

Mjomba wangu alikuwa huyo mgonjwa. Boda ilimwangusha, akawekwa chuma kwenye paja, akarudi keja yake Nyalenda. Siku ya tatu alingoja watu watoke, akajikokota hadi bafu peke yake. Gongo likateleza. Akarudi thieta mara ya pili, na wakati huo pesa ya mchango ilikuwa imeisha.

Ukisoma ushauri wa ng'ambo utaambiwa mambo ya bafu la kulalia na choo cha kukalia. Huku Nyalenda, Manyatta ama Obunga, mara nyingi bafu iko nje, mnaitumia ploti nzima, na choo ni shimo la kuchuchumaa. Kwa hivyo tuongee kuhusu hiyo.

Kabla hujatoka hosi

Iwe umepasuliwa Russia ama kwingine (JOOTRH inaitwa Russia sababu Wasovieti ndio walisaidia kuijenga, ikafunguliwa 1969), usitoke wodini kabla hujauliza mambo matatu. Mguu huu naukanyaga kabisa, nagusisha chini tu, ama siukanyagi? Kidonda kinaweza kupata maji lini? Naruhusiwa kuchuchumaa? Majibu hutofautiana, na jibu la jirani aliyevunjika mwaka jana si lako.

Njia ya kwenda

Sehemu za chini za Kisumu zina ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni. Gongo linazama, ama linateleza. Mwaga kokoto ama murram kutoka mlango wa keja hadi bafu, na uishindilie. Kamba za nguo zinazokata njia zihamishwe.

Angalia raba za chini ya magongo. Zikiisha, badilisha. Kama kuna ngazi ama kizingiti, wakati wa kupanda tanguliza mguu mzima. Wakati wa kushuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Usiku usiende bila taa ya sola ama tochi ya kuvaa kichwani, maana mikono yote iko kwa magongo na stima huku hupotea bila kuaga. Kwa kweli, usiku bora ndoo yenye kifuniko ndani ya keja. Hakuna aibu.

Na ukiamka usikurupuke. Dawa kali za maumivu hufanya kichwa kizunguke. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika chache kwanza.

Kaa chini, usioge ukisimama

Hapa ndipo kazi yote iko. Mwambie fundi wa mbao akutengenezee stuli nzito ya miguu minne, urefu wa sentimita 45 hadi 50, ama zaidi kama wewe ni mrefu. Ukikaa, nyonga iwe juu kidogo ya goti. Aliyebadilishwa nyonga kwa kawaida hukatazwa kukunja kupita pembe ya digrii 90 kwa wiki kadhaa, na kuchuchumaa kunapita hapo mbali sana. Chini ya miguu ya stuli apigilie raba ya tairi, ile ya akala, utaipata Kibuye. Kiti cha plastiki cha kawaida sikuamini: miguu yake hupanuka kwenye maji na unajipata chini.

Stuli ya pili kama hiyo, yenye tundu katikati, inawekwa juu ya shimo la choo. Wenye uwezo watanunua komodi ya chuma kwa maduka ya vifaa vya hospitali, lakini ya mbao iliyokazwa vizuri inabeba mtu.

Kukaa kuna mpango wake. Rudi nyuma hadi stuli iguse nyuma ya magoti, nyoosha mguu mgonjwa mbele, shika kitu, kisha ushuke polepole. Ndoo nayo iwekwe juu ya kitu ili usiiname. Miguu uoshewe na mtu mwingine.

Sakafu yenyewe isuguliwe kwa brashi na dawa ya kuua ule ukijani, kisha isuuzwe. Mkeka wa vinyonyo hushika kwenye taili laini tu. Kwenye simiti unatembea na wewe. Landilodi akikubali, fundi apige simiti mpya na mchanga mkubwa, kisha apitishe ufagio kabla haijakauka.

Cha kushika

Usishike bomba la maji, msumari wa taulo wala ukingo wa mabati. Fundi wa jua kali anaweza kukukatia paipu ya maji ya inchi moja na kuichomelea vishikio. Ifungwe kwa bolti kwenye ukuta wa mawe, urefu wa kiuno, ikiacha nafasi ya vidole nyuma yake. Bafu ikiwa ya mabati, ukuta haubebi kitu: chimbia nguzo kando ya stuli, futi mbili chini, na umwage zege. Mtu mzima mwenye afya aivute kwa nguvu zote kabla mgonjwa hajaigusa.

Nani ataingia na wewe?

Hili ndilo lilimwangusha mjomba, kusema ukweli. Hakutaka kuoshwa na mke wa mwanawe, na hakuna aliyemuuliza. Kwa Waluo mtu na wakwe zake wana mipaka yao ya heshima, kwa hivyo kaeni chini mapema mchague mtu ambaye mgonjwa haoni haya mbele yake. Mara nyingi inatosha asimame nje ya mlango amegeuka. Komeo isifungwe, tundikeni leso mlangoni kama alama kwamba kuna mtu.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji yuko kwenye hesabu hii pia. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Asiubebe, hata kama anasema amezoea. Kwa wiki sita hivi asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto.

Maji na ziwa

Plasta ya mguu isilowe hata kidogo. Tangu juala zipigwe marufuku 2017 hii imekuwa kazi, lakini nailoni ya mkate ama ya godoro jipya inafunika vizuri ukifunga juu kwa mpira bila kubana damu. Na kuoga ziwani, iwe Dunga ama Mbita, kungoje. Maji yale yana kichocho, vidudu vyake huingia hata kwenye ngozi nzima, na kidonda kibichi kinaokota uchafu mwingine pia. Mawe ya ufuoni nayo yanateleza kuliko bafu yoyote.

Ukianguka, usivutwe mkono kuinuliwa haraka. Tulia, angalia. Mguu ukiwa umefupika ama umegeuka nje, ama kidonda kimefunguka, usisimame. Gari iitwe, si boda. Usaha, homa, muundi kuvimba na kuuma, rudi hosi siku hiyo hiyo, na mkandaji asiuguse huo mguu. Pumzi ikikatika ghafla, usingoje hata asubuhi.