Kabla Mashine Hazijafika, Nani Alihesabu?

Maporomoko haya yana majina mengi kuliko mtoto aliyegombaniwa na koo mbili. Mwaka 1864 Samuel Baker, Mwingereza, aliyafikia akayapa jina la Murchison, bwana mkubwa wa chama cha wanajiografia kule London. Katika miaka ya 1970 Idi Amin akayaita Kabalega, jina la Omukama wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza mpaka wakamkamata mwaka 1899. Amin alipoondoka, Murchison akarudi. Leo sehemu ya ardhi ileile ina jina jingine, Tilenga, nalo ni la mradi wa mafuta. Jina hilo limeundwa kutokana na majina ya swala katika Kiacholi na Kinyoro. Yaani kisima kimeazima jina la mnyama anayekula majani pembeni mwake!

Sasa, vijana wenzangu, tusiishie kucheka. Hifadhi hii ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako Mto Naili unajipenyeza kwenye mwanya wa mawe kabla ya kuingia Ziwa Albert, ina historia ambayo watetezi wengi wa wanyama huiruka. Wanatuambia ni pori la asili, tangu Adamu na Hawa. Si kweli hata kidogo. Watu waliishi pale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu kwa maelfu Uganda, na kati ya 1907 na 1912 serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi kutoka eneo la kilomita za mraba zipatazo 13,000. Mbung'o wakabaki, wanyama wakaongezeka. Mwaka 1910 ikatangazwa hifadhi ya wanyama ya Bunyoro, na mwaka 1952 ikawa hifadhi ya taifa. Wenyeji waliondolewa kwa ajili ya ugonjwa. Ugonjwa ulipopungua, wakakuta ardhi ina mwenyewe mwingine.

Utafiti nao una historia yake pale, na si yote ya kupendeza. Miaka ya 1960 tembo walijazana humo kwa sababu nje mashamba yalikuwa yamewabana. Wakamaliza miti, misitu ikageuka nyasi. Kati ya 1965 na 1967 wakapigwa risasi tembo wapatao 2,000 kwa amri ya wakuu wa hifadhi, na mtaalamu Richard Laws na wenzake wakaipima mizoga: umri, mimba, meno. Kitabu chao kilitoka mwaka 1975. Kumbe wakati kinatoka, dunia waliyoieleza ilikuwa inazama. Wanajeshi wa Amin na majangili walikuwa kazini. Tembo waliohesabiwa kwa zaidi ya elfu kumi wakashuka, na kufikia miaka ya 1990 walikuwa mamia tu. Twiga nao walibaki chini ya 250.

Ndani ya pengo hilo ndimo mafuta yalimoingia. Habari yake si ngeni: E. J. Wayland aliandika juu ya mafuta ya Uganda mwaka 1925, na mwaka 1938 kisima kikachimbwa Waki, karibu na Butiaba. Vita vikaja, mambo yakalala. Mwaka 2006 serikali ikatangaza kwamba mafuta ya kutosha kibiashara yamepatikana, na baada ya miaka michache mashine zikawa zinatoboa ndani ya hifadhi yenyewe, hasa upande wa kaskazini wa mto, kule kule ambako wanyama ni wengi zaidi.

Hapo ndipo swali la watafiti linapouma. Ukitaka kujua kama mashine imemfukuza tembo, sharti ujue tembo alikuwa wapi kabla mashine haijafika. Hesabu ya kabla haiwezi kufanywa baadaye, ni kama kumpima mgonjwa homa akishazikwa. Mamlaka ya wanyamapori ya Uganda na Wildlife Conservation Society walihesabu wanyama karibu na visima na mbali navyo, wakaona baadhi wakijitenga wakati wa uchimbaji. Mwaka 2010 mamlaka ya mazingira ikatoa atlasi ya maeneo nyeti ya bonde hilo. Mwezi Januari 2016 twiga 18 wakavushwa Naili hadi ukingo wa kusini, ili kundi lote lisitegemee upande mmoja wenye mafuta. Wakazaana huko.

Je, hiyo yatosha? Mikutano ya hadhara juu ya ripoti ya mazingira ya Tilenga ilifanyika Novemba 2018, kibali kikatoka 2019, uamuzi wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022, na mwaka 2023 uchimbaji ukaanza hifadhini. Mpango ni visima zaidi ya 400, ambavyo baadhi yake vimo hifadhini. Sisemi Uganda isichimbe. Nchi zilizotajirika kwa mafuta hazina haki ya kuja kutuhubiria umaskini. Ila nasema hivi: ripoti inayoandikwa ili kibali kipatikane, na hesabu inayofanywa mwaka hadi mwaka awe kibali kipo au hakipo, si kitu kimoja. Ya kwanza ina mlipaji na tarehe ya mwisho. Ya pili ndiyo iliyotuonyesha tembo wakipotea, na ndiyo iliyotuonyesha wakirudi kuvuka elfu moja.

Na jambo hili halituhusu kwa mbali. Bomba la kilomita 1,443 limepangwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kwenye bahari yenye matumbawe na mikoko, na ule samaki wa kale, silakanti. Wavuvi wa pale wanajua ni mwezi gani samaki gani hupita wapi. Nani ameyaandika? Wengi wetu tunaandika mashairi ya mapenzi, na ni haki yetu. Lakini kijana mwenye daftari na kalamu aweza kukaa na mzee mvuvi jioni mbili, akaandika anachoambiwa pamoja na tarehe. Bomba likishajazwa, maneno hayo yatakuwa ndiyo hesabu ya kabla.