Sheria kwa Lugha ya Raia: Historia Fupi ya Kazi ya Kujitolea

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, ina vifungu viwili ambavyo ni nadra kusomwa pamoja. Kifungu cha 62 chakumbusha kwamba hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Kifungu cha 142 chaipa serikali muda wa siku 60, tangu sheria kutangazwa, ili iieneze kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiciluba. Kifungu cha kwanza hutumika mahakamani kila siku. Cha pili, kwa sheria nyingi zilizopitishwa tangu wakati huo, kimebaki kuwa maandishi tu. Raia anadaiwa ujuzi ambao mwenye kumdai hakumpa.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Sheria ya Ukoloni ya tarehe 18 Oktoba 1908, iliyoweka Kongo mikononi mwa Ubelgiji, ilizungumzia lugha katika kifungu chake cha 3, ikataka amri zote za jumla ziandikwe na kuchapishwa kwa Kifaransa na Kiflemi. Ugomvi wa lugha wa Wabelgiji ulivuka bahari pamoja nao, ukatulia katika kurasa za Gazeti Rasmi la koloni. Lugha za wale waliotakiwa kuzitii amri hizo hazikupata safu yao. 

Hata hivyo haifai kusema kwamba lugha hizo zilikuwa nje ya sheria kabisa. Dekreto ya tarehe 15 Aprili 1926 ilizipanga mahakama za wenyeji, na humo kesi za ndoa, mahari, mashamba na madeni zilisikilizwa kwa lugha za watu. Katika miji ya Katanga lugha hiyo mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1933, mjini Elisabethville, wanasheria wakiwa na Antoine Sohier walianza kutoa jarida la mahakama za wenyeji na sheria za mila. Mpaka leo mwanahistoria hawezi kuliacha jarida hilo kando, kwa wingi wa hukumu na maelezo yaliyomo. Lakini yale yaliyosemwa na wazee kwa Kiswahili au Kibemba yalimfikia msomaji kwa Kifaransa. Maarifa yalitoka kwa watu yakaenda kwa maofisa, na njia ya kurudi haikutengenezwa.

Njia hiyo ya kurudi ilijaribiwa kwanza kwa majirani. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, alitambua mapema kwamba taifa lisingeweza kuendeshwa kwa sheria zisizosemeka katika lugha yake. Mwaka 1965 aliandika juu ya matatizo ya kuiweka sheria katika Kiswahili, na mwaka 1968 orodha ya istilahi za sheria ilichapishwa. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1967, walimu na wanafunzi wa kitivo hicho waliunda kamati ya msaada wa kisheria, wakawahudumia bila malipo watu wasioweza kumlipa wakili. Kamusi ya Sheria ya TUKI ilitoka mwaka 1999, na Bunge la Tanzania halikukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mpaka mwaka 2021. Kutoka orodha ile mpaka uamuzi huu ilipita zaidi ya miaka 50. Wenye kulaumu uzembe wa Kongo yafaa wakumbuke hesabu hiyo. Nao wenye kungoja serikali ianze, vilevile.

Mfano mwingine ulitoka Marekani, mahali ambapo raia wengi na sheria zao hutumia lugha moja. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Peter Martin na Thomas Bruce walianzisha taasisi ya kuweka maandishi ya sheria kwenye intaneti bila malipo. Bruce alilazimika hata kutengeneza mwenyewe, mwaka 1993, programu ya kusomea kurasa hizo iitwayo Cello, kwa sababu wanasheria walitumia kompyuta za Windows na programu ya namna hiyo ilikuwa haijapatikana kwao. Australia ilifuata mwaka 1995, na mwaka 2002 taasisi za namna hiyo zilizokutana Montreal zilitoa tamko kwamba habari za sheria ni mali ya watu wote. 

Lenye funzo zaidi ni lile lililofuata. Ilionekana kwamba mtu aweza kuwa na sheria yote mbele ya macho yake, katika lugha ya mama yake, asiielewe. Ndipo taasisi ya Cornell ikaanzisha kamusi na ensaiklopedia iitwayo Wex, ikawaalika wenye ujuzi wa sheria kuandika na kusahihisha maelezo yake kwa ajili ya watu wa kawaida. Kulifungua andiko ni kazi moja, na kulieleza ni nyingine.

Kongo ilipata sehemu ya kazi ya kwanza. Tovuti kama Leganet zimeweka sheria nyingi mahali ambapo kila mwenye simu aweza kuzisoma bure, kwa Kifaransa. Kazi ya pili ndiyo iliyobaki, na uzito wake huonekana katika mambo madogo. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya matendo fulani ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliifuta idhini hiyo, ikataka wenzi wapatane, ingawa ilimwacha mume kuwa mkuu wa nyumba. Mwanamke anayeambiwa dirishani arudi na barua ya mumewe atajibu nini, kama badiliko hilo halijamfikia katika lugha anayoitumia? Naye mwelezaji mwenye haraka atamdanganya kwa upande wa pili, akimwambia kwamba sasa hakuna mkuu wa nyumba.

Hapo ndipo mwanasheria peke yake hatoshi. Istilahi za Dar es Salaam zilizaliwa katika sheria ya asili ya Kiingereza, na haziwezi kuhamishiwa Lubumbashi au Bukavu bila kupimwa. Neno «hakimu» ni mfano mzuri. Katika desturi ya Kifaransa, neno moja huwataja yule anayekata kesi na yule wa parke anayechunguza na kushtaki. Mtu aliye kasho akiambiwa kwamba atapelekwa mbele ya «hakimu», naye akapelekwa parke, aweza kudhani kwamba maneno anayoyasema pale ni utetezi wake wa mwisho, na kwamba karatasi anayotia sahihi ni hukumu. Kosa la istilahi limekwisha kuwa kosa la haki. Lakini kumwita huyo «mwendesha mashtaka» tu hakutoshi pia, kwani kazi yake huanza kabla ya mashtaka yoyote kuwapo.

Wapo wanaoogopa kwamba watu wa kujitolea watapotosha sheria, na hofu hiyo si ya bure. Katika mikoa ya mashariki waelezaji wa sheria wasio mawakili wamekuwa wakifanya kazi vijijini kwa miaka mingi, na kila mmoja hutafsiri papo hapo kwa maneno yake mwenyewe, bila andiko la kumrekebisha. Upotoshaji, basi, hauhitaji intaneti. Maelezo yaliyoandikwa, yenye namba ya kifungu na tarehe ya sheria, yanaweza angalau kusahihishwa na mwingine. Neno lililopeperuka haliwezi.

Idara za Kiswahili na vitivo vya sheria katika Lubumbashi, Kisangani na Bukavu vina watu wa kazi hiyo, nao waweza kualikwa bila kungoja dekreto. Kifungu cha 18 cha Katiba chafaa kuwa cha kwanza: kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, na kwamba asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka yenye uwezo. Ni ukurasa mmoja tu wa Kiswahili. Atahitajika mwanasheria mmoja, na mtu mmoja wa lugha, na msomaji wa tatu ambaye hakusoma Kifaransa, asiyefundishwa lolote kabla, ili aulizwe ameelewa nini.