Mlo wa Wafaransa: Kula kwa saa, bila kujinyima

MNAMO Novemba 2010, wajumbe wa kamati ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (Unesco) walikutana jijini Nairobi kuamua ni mila zipi za mataifa mbalimbali zilizostahili kuingizwa katika orodha ya turathi zisizoshikika za binadamu. Miongoni mwa zilizokubaliwa ulikuwemo mlo wa sherehe wa Wafaransa. Waliosikia habari hiyo kijuujuu walidhani kuwa jibini, divai na konokono ndivyo vilivyotuzwa. La hasha. Kilichoorodheshwa ni desturi ya kuketi pamoja: jamaa na marafiki kukusanyika kwa ajili ya arusi au kuzaliwa kwa mtoto, meza kuandikwa kwa taratibu, kisha vyakula kuletwa kwa zamu zisizopungua nne, yaani cha kutangulia, nyama au samaki pamoja na mboga, jibini, na kitamutamu cha kumalizia.

Mwezi uo huo, huko Ufaransa kwenyewe, asasi ya serikali inayosimamia usalama wa vyakula, Anses, ilitoa ripoti kuhusu mitindo 15 ya kupunguza uzani iliyokuwa imevuma nchini humo. Ripoti hiyo haikumfurahisha yeyote aliyekuwa akiuza vitabu vya mitindo hiyo. Wataalamu walieleza kuwa asilimia 80 ya wanaojinyima chakula hurudia uzani wao baada ya mwaka mmoja, na kwamba baadhi ya mitindo yaweza kudhuru mifupa, figo, moyo na hata utulivu wa akili.

Habari hizo mbili zafaa kusomwa pamoja. Kwa miaka mingi walimwengu wamejiuliza inakuwaje taifa linalopenda siagi na mikate ya kila namna likawa na watu wembamba kuliko mataifa mengine tajiri. Jibu limetafutwa sana ndani ya sahani na ndani ya bilauri. Mwandishi huyu anaamini kuwa linapatikana zaidi kwenye saa ya ukutani, na katika sheria zinazoilinda saa hiyo.

Kitendawili cha divai

Mnamo 1819 daktari wa Ireland, Samuel Black, alikwisha kutambua kwamba Wafaransa hawakusumbuliwa na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kwa kiwango kilichoonekana kwao Ireland. Hata hivyo, jambo hili lilipata umaarufu Novemba 1991, pale mtafiti Serge Renaud wa Bordeaux alipohojiwa katika kipindi cha '60 Minutes' cha televisheni ya CBS nchini Marekani. Alieleza kuwa Wafaransa hula mafuta ya wanyama kwa wingi ilhali hawafi kwa maradhi ya moyo kama Wamarekani, akaitaja divai nyekundu kuwa kinga. Mauzo ya divai hiyo yalipanda ghafla huko Marekani. Mwaka uliofuata Renaud na mwenzake walichapisha hoja yao katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Wengine hawakuridhika. Mnamo 1999 Malcolm Law na Nicholas Wald waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba ulaji wa mafuta ya wanyama ulikuwa umeongezeka Ufaransa hivi karibuni tu, na kwamba maradhi ya moyo huchukua miaka mingi kuufuata ulaji huo. Yaani kitendawili kingeteguka chenyewe kadiri muda ulivyosonga.

Na divai? Wafaransa wenyewe wamekuwa wakiiacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtu mmoja alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 kwa mwaka. Kiasi hicho kimeshuka hadi chini ya nusu. Shirika la afya ya umma la nchi hiyo, Santé publique France, lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo 41,000 mwaka 2015, na sasa huwashauri raia wasizidishe glasi mbili kwa siku, tena si kila siku. Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara. Msomaji aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kuagiza chupa hatakipata hapa.

Sahani ndogo, muda mrefu

Maelezo yenye mashiko zaidi yalitokea mnamo 2003. Mwanasaikolojia Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akishirikiana na Mfaransa Claude Fischler na wenzao, walipima uzito wa vyakula katika mikahawa inayolingana ya Paris na Philadelphia. Kwa wastani, chakula cha mtu mmoja kilikuwa gramu 277 Paris na gramu 346 Philadelphia. Watafiti hao walihesabu pia muda ambao wateja walitumia kula katika mikahawa ya McDonald's ya miji hiyo miwili. Mmarekani alitumia dakika 14. Mparisi, aliyepewa chakula kidogo zaidi, alitumia dakika 22.

Hapo pana mambo mawili ya kutafakari. La kwanza ni kwamba mlaji wa Paris hakujizuia. Hakuhesabu kalori wala hakusukuma sahani kando kwa majonzi. Aliletewa kidogo, akala chote, akaridhika. Hata kikopo cha maziwa mgando katika maduka ya Ufaransa kwa kawaida huwa na gramu 125, na mnunuzi haoni kuwa amepunjwa. La pili ni muda. Tumbo huchukua takriban dakika 20 kuujulisha ubongo kuwa limeshiba. Anayemaliza kula kabla ya ujumbe huo kufika huongeza kijiko kingine kwa kutojua tu.

Ratiba yenyewe haina ajabu. Asubuhi ni kipande cha mkate, siagi, jamu na kahawa. Chamcha huliwa kati ya saa sita na saa nane. Saa kumi na nusu watoto watokapo shuleni hupewa goûter, yaani mkate na chokoleti au tunda, na hicho ndicho kitafunio pekee kinachotambuliwa rasmi na mama Mfaransa. Chajio huwa karibu saa mbili usiku. Uchunguzi wa taasisi ya takwimu ya nchi hiyo, Insee, uliofanywa mwaka 2010 ulibaini kuwa ifikapo saa saba mchana nusu ya Wafaransa huwa wanakula. Nusu ya taifa zima, kwa wakati mmoja! Kwa siku nzima walitumia zaidi ya saa mbili kula, ilhali Wamarekani hutumia karibu nusu ya muda huo.

Sheria juu ya meza

Wanaozisifu tabia hizi huzieleza kana kwamba Wafaransa huzaliwa nazo. Ukweli ni kwamba dola imezitegemeza. Kanuni za kazi nchini humo humkataza mwajiri kuwaruhusu wafanyakazi kula mahali pa kazi. Chimbuko la katazo hilo ni sheria za zaidi ya karne moja iliyopita, zilizokusudiwa kuwaepusha watu wa viwandani na vumbi na sumu, lakini matokeo yake ni kwamba karani wa leo hulazimika kuinuka na kwenda kuketi na wenzake. (Sisi wa chumba cha habari, ambao viazi vyetu hupoa kando ya kompyuta, tutaipokea kanuni hiyo siku itakapofika.) Ilipobidi kuwatenga watu wakati wa janga la corona, serikali ililegeza katazo hilo mnamo Februari 2021, nalo jambo hilo likawa habari kubwa.

Shuleni mkazo ni mkubwa zaidi. Tangu Septemba 2005 mashine za kuuzia vitafunio na soda zimepigwa marufuku katika shule zote. Kanuni za 2011 zinataka kila mlo wa shule uwe na sehemu nne au tano. Katika kila milo 20, vyakula vya kukaangwa kwa mafuta mengi visizidi vinne, na tunda bichi litolewe kuwa kitamutamu angalau mara nane. Mkate na maji mtoto hujichukulia atakavyo. Chumvi na sosi ya nyanya huletwa tu pale chakula kinapovihitaji. Kuanzia 2007, matangazo ya vyakula vilivyosindikwa hulazimika kubeba nasaha za afya, mojawapo ikiwa ni kuepuka kudonoadonoa kati ya mlo na mlo. Mnamo Januari 2017 mikahawa ilikatazwa kumjazia mteja soda upya bila malipo.

Vitabu huyaacha haya. Mireille Guiliano, aliyeongoza tawi la Marekani la kampuni ya shampeni ya Veuve Clicquot, alipata wasomaji wengi mno kwa kitabu chake cha 2004 kilichodai kuwa wanawake wa Kifaransa hawanenepi. Anasimulia jinsi alivyonenepa akiwa mwanafunzi Massachusetts, na jinsi daktari wa familia alivyomrekebisha kwa kumtaka aandike kila alichokula, apunguze vipimo na atembee kwa miguu. Ushauri huo ni mwema. Lakini unaanza na siku mbili za supu ya liki, jambo ambalo, ukilitazama vizuri, ni kujinyima kwa jina jingine. Tena, yaliyo rahisi kwa mkurugenzi wa kampuni si rahisi kwa mfagiaji anayeanza kazi saa kumi alfajiri.

Kilicho na thamani zaidi katika kitabu hicho ni moyo wa kula bila hatia. Rozin na wenzake walikwisha kuuona katika uchunguzi wa 1999: walipotajiwa keki ya chokoleti, Wamarekani waliihusisha zaidi na kujilaumu, Wafaransa na sherehe. Anayejilaumu hula kwa siri, kwa haraka, akisimama. Anayesherehekea hukata kipande, akaketi.

Nyufa

Isidhaniwe kuwa meza hiyo haitikisiki. Mnamo 1997 Wafaransa wazima wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 8.5. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 17. Ufaransa leo ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya McDonald's nje ya Marekani. Na ni humo humo alimotoka Pierre Dukan, mwuzaji mashuhuri wa mtindo wa kula nyama tupu ili kukonda, ambaye chama cha madaktari kilimfuta katika orodha yake mnamo Januari 2014.

Unene huo haukugawanywa sawasawa. Eneo la kaskazini, lililokuwa la migodi na viwanda, huumia kuliko Paris, na wafanyakazi wa ngazi za chini wana unene wa kupindukia karibu maradufu ya wakurugenzi. Mwenye zamu za usiku hana saa saba mchana ya kukaa na wenzake, na matunda ni ghali kuliko biskuti. Kwa sababu hiyo, kuanzia 2019 serikali ilianza kuzisaidia tarafa ndogo za mashambani ili ziwauzie watoto wa familia zisizojiweza mlo wa shule kwa bei isiyozidi euro moja. Kanuni za mlo huo ni zile zile za 2011, na sehemu zake hazipungui nne.