Keke na Kizazi Chake

Katika vyombo vyote vya seremala na mhunzi, hakuna kilichosahauliwa na waandishi wa tarehe kama kile cha kutobolea. Shoka limesifiwa, jembe limesifiwa, gurudumu limeandikiwa vitabu. Bali tundu halina wa kulisifu, labda kwa kuwa ni mahali pasipo na kitu. Lakini mwondolee fundi uwezo wa kutoboa, uone kama atapachika mguu wa kiti, au ataunga ubao na ubao, au atatia mhimili katika gurudumu. Nataka katika kurasa hizi tuifuate habari ya chombo hiki mpaka ifike katika karakana za shule zetu za Homa Bay na Migori, ambako wanafunzi wanaounda mashua na magari ya mfano huulizana: tukipata fedha kidogo, tununue mashine gani ya kutobolea?

Watu wa pwani huiita keke. Keke ya kale ina sehemu nne, na kila sehemu ina jina lake. Chuma chenye makali ni kijembe. Mti unaokishika kijembe ni msukano. Kipande cha juu, ambacho fundi hukikamata kwa mkono mmoja na msukano ukazunguka ndani yake, ni jivu. Na cha nne ni uta, ambao kamba yake huzungushwa katika msukano. Fundi avutapo uta, msukano huzunguka upande mmoja. Asukumapo, huzunguka upande wa pili. Kwa hiyo kijembe hakina budi kutengenezwa kwa namna ya kukwangua kokote kigeukako. Chombo hiki ni cha zamani mno. Katika kaburi la Rekhmire, aliyekuwa waziri wa mfalme wa Misri yapata miaka 3,400 iliyopita, zimo picha za mafundi wakitoboa kwa uta, na mtoboa shanga mmoja anaonekana akiendesha misukano kadhaa kwa uta mmoja. Huyo, kwa maoni yangu, ndiye babu wa viwanda.

Huku kwetu keke ilifanya kazi kubwa kuliko ya shanga. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Chombo cha mwisho cha ukoo huo kilikuwa mtepe wa Lamu na visiwa vyake. Mbao za mtepe hazikuungwa kwa misumari ya chuma. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kila mshono ulipita katika tundu. Mtepe mmoja, basi, ulitaka matundu mengi ajabu. Tundu likikaa karibu mno na ukingo, ubao hupasuka. Matundu ya ubao huu yasipoelekeana na ya ubao ule, kamba hukaa upande, na maji hupata njia. Roho za mabaharia zilining'inia katika unyofu wa mkono wa mtu mmoja mwenye uta.

Mitepe ilikoma kuundwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wataalamu walipotaka kujua jinsi ilivyoshonwa, mojawapo ya mashahidi waliobaki ilikuwa mitepe midogo ya mfano iliyoundwa na mafundi wa kale na kuhifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Mzee asemaye kwamba kuunda vyombo vidogo ni mchezo wa watoto na alifikiri jambo hilo.

Ziwani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mitumbwi mikubwa ya Wasese na Waganda, ambayo Stanley aliiona alipolizunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875, ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea. Kisha ukaja utoboaji wa aina nyingine kabisa. Meli William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafungwa kwa bolti ili kuhakikisha kwamba kila bamba lapatana na jirani yake, vipande vikatiwa alama, ikafunguliwa, ikapakiwa. Vipande vilikaa miaka mingi njiani. Sehemu ya safari vilibebwa na wapagazi, kwani reli ilikuwa haijafika ziwani. Meli ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, na reli ikafika mwishoni mwa mwaka 1901. Fikiri, msomaji, maana yake. Tundu lililotobolewa Scotland lilipaswa kukutana na tundu la bamba jingine katika pwani ya Ziwa Viktoria baada ya safari ya maelfu ya maili, na ribiti ipite pasipo kukwama. Meli za namna hiyo ndizo zilizozifungulia biashara bandari za Homa Bay, Kendu Bay na Karungu. Mwanafunzi anunuaye sanduku la vipande vya ndege ya mfano, akaviunga mezani kwake, hafanyi jambo tofauti na lile la Kisumu, ila kwa ukubwa.

Unyofu wa namna hiyo hauji kwa uta. Ulihitaji mashine inayosimama, yenye mhimili ushukao wima juu ya meza ya chuma. Kijembe chenyewe kilibadilika pia: Mmarekani Stephen Morse alibuni mwaka 1861 kijembe chenye mifereji ya kujipinda, ambayo hupandisha takataka juu badala ya kuziacha zizibe tundu, akapata hataza mwaka 1863. Mwaka 1889 Arnot na Brain, huko Melbourne, walisajili mashine ya kutobolea iendeshwayo kwa umeme. Mwaka 1902 Arthur Jacobs alipata hataza ya kishikio chenye taya tatu zinazokazwa kwa ufunguo, na kishikio cha namna hiyo kimo mpaka leo katika mashine utakayoiona dukani. Mafundi wetu wa jua kali huiita drili. Mimi nitaiita keke ya mezani, maana ni mjukuu wa keke.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Muuzaji atakusifia nguvu ya mota, na mnunuzi asiyejua hupumbazwa na nguvu. Kazi ya mfano haihitaji nguvu nyingi. Matundu yake ni ya milimeta 1 au 2, na adui wake ni kuyumba. Chukua fimbo ya chuma iliyonyoka, ikaze katika taya, zungusha mhimili kwa mkono, utazame ncha yake kandokando ya kitu kisichotikisika. Ncha ikichora duara, mashine hiyo itavunja vijembe vyembamba kila siku. Kisha teremsha mhimili mpaka mwisho, uusukume upande kwa vidole. Ukisikia unacheza, rudisha fedha mfukoni. Uone pia kama taya zinafunga kabisa, maana nyingi hazikamati kijembe chembamba.

Jambo la pili ni mwendo, nalo lina hesabu. Kwa chuma laini, makali ya kijembe hufaa yakate kama meta 25 kwa dakika. Kijembe cha milimeta 10 kina mzingo wa milimeta 31.4, basi chataka mizunguko 800 hivi kwa dakika. Cha milimeta 1 kina mzingo wa milimeta 3.14, nacho chataka mizunguko kama 8,000. Kijembe kidogo ndicho kitakacho mbio, kinyume cha wengi wadhanivyo. Keke nyingi ndogo za mezani huishia karibu mizunguko 2,500 au 3,000. Hilo si kasoro ya kukukatisha tamaa. Mwendo ukipungua, mkono nao upungue kusukuma. Kati ya mashine ya mbio iyumbayo na ya polepole iliyonyoka, chagua ya pili bila kusita. Ikiwa mashine imetoka Marekani, tazama kibati cha mota: umeme wetu ni volti 240, na wao mashine zao ndogo hutumia volti 120.

Weka akiba ya fedha kwa jiliwa ndogo ya kushikia kazi. Kipande cha bati kilichoshikwa kwa vidole huzunguka pamoja na kijembe, nacho hukata kama upanga. Miwani ivaliwe, na mikono mirefu ya shati ikunjwe.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule zilitakiwa kufundisha ufundi, na wazazi walichanga kujenga karakana. Masomo hayo yalipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na si karakana chache zilizogeuzwa kuwa ghala. Ukiikuta keke ya mezani ya wakati huo imefunikwa vumbi, usiidharau kwa kutu ya nje. Nyingi zilikuwa za chuma cha kalibu, nzito, na uzito huzuia mtetemeko. Badilisha mkanda, mwite fundi wa umeme aikague mota, kisha uijaribu kwa fimbo kama nilivyoeleza. Huenda ikaishinda mpya ya bei nafuu.

Na shule isiyo na umeme, au isiyo na fedha hata za mashine kuukuu, inaweza kuanza na keke ya mkono yenye gurudumu la meno, pamoja na kishikio kidogo cha kuzungushwa kwa vidole kwa matundu yaliyo chini ya milimeta 1. Kwa mbao nyepesi hivyo vyatosha. Tia kwanza alama kwa ncha kali mahali pa tundu, ili kijembe kisiteleze, uweke ubao wa taka chini yake, na uvute kijembe nje mara kwa mara kuondoa unga.