Konokono wa Gitaza: historia iliyoandikwa kwenye gamba

Wiki mbili zilizopita, pale kwenye bomba la maji, mzee wetu mmoja alisema samaki wa Tanganyika wamekwisha kwa sababu watu wa milimani hawajui kulima, wameshusha mlima mzima ziwani. Mama mmoja akamjibu, hapana, ni wavuvi na nyavu zao ndogo. Kidogo wagombane. Mimi nilinyamaza, lakini iliniuma, maana mimi ni mtoto wa mlimani juu ya Gitaza. Nikaahidi nitasoma halafu niandike. Ndiyo hii.

Kwa asiyepajua: Gitaza iko komine Muhuta, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Upande mmoja ziwa, upande mwingine mlima umesimama kama ukuta, na barabara imebanwa katikati. Mvua ikinyesha sana, mlima unashuka. Mwaka 2015 uliporomoka, ukaua watu na kufunga barabara. Baada ya mvua kubwa ukisimama juu unaona maji ya pembeni yamekuwa mekundu, na mbele kabisa bado ni bluu.

Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaokota konokono kwenye mawe ya ziwa. Wana gamba gumu lenye mistari na vinundu, ukilikanyaga linakuchoma mguu. Sikujua kwamba gamba hilo liliwasumbua wataalamu wa Ulaya karibu miaka hamsini.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji. Speke aliokota magamba ya konokono akarudi nayo, na mwaka 1859 mtaalamu wa London aitwaye Woodward akayaeleza kwa maandishi. Alishangaa: haya yanafanana na ya konokono wa baharini! Baadaye J.E.S. Moore alikuja ziwani mwaka 1896 na tena 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima kusema kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya zamani kilichobaki ndani ya Afrika. Alikosea. Msafara wa Cunnington wa 1904 na 1905 ulichunguza tena na haukukubaliana naye. Ziwa hili halijawahi kuwa bahari. Ni bonde lililopasuka na kujaa maji, na wataalamu wanalikadiria miaka kati ya milioni 9 na 12.

Sasa kwa nini konokono anafanana na wa baharini? Jibu lilikuja mwaka 1991 kutoka kwa Kelly West, Andrew Cohen na mwenzao. Ni kaa. Kaa wa Tanganyika wana makucha makubwa ya kuvunjia magamba. Konokono mwenye gamba laini analiwa, mwenye gamba gumu anabaki na kuzaa. Kaa naye mwenye ukucha dhaifu analala njaa. Ikaenda hivyo vizazi na vizazi, mpaka gamba likawa nene kama la bahari. Na kwenye magamba mengi unaona kovu, mahali ambapo kaa alijaribu kuvunja akashindwa, na konokono akajiziba mwenyewe. Yaani ile mistari tuliyokuwa tunachezea ni historia ya vita ya muda mrefu sana, na konokono hakushindwa.

Basi kama mnyama huyu alimshinda kaa, kwa nini matope yamshinde?

Kwa sababu kaa alimpa muda, matope hayampi. Konokono anakula ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe. Udongo ukifunika jiwe, utelezi unakosa mwanga, na anayekula anakula mchanga pamoja nao. Samaki wa mawe nao wengi wanajificha na kutaga kwenye matundu kati ya mawe. Matundu yakijaa udongo, nyumba imekwisha. Mwili uliotengenezwa kwa miaka mamilioni kwa ajili ya jiwe safi hauwezi kugeuka katika masika mbili.

Hapa mtu anaweza kusema, mbona wanyama wanabadilika? Ni kweli, wengine wanaweza. Upande wa Mwanza, Ziwa Victoria, hewa ndani ya maji ilipungua kwa uchafu. Wataalamu walipima samaki mdogo wa jamii ya furu, wakamlinganisha na wenzake waliohifadhiwa kabla ya mabadiliko. Ndani ya miaka ishirini hivi eneo la matamvua yake, yale anayopumulia, lilikuwa limeongezeka zaidi ya nusu. Lakini huyo ni mmoja aliyefaulu. Aina nyingi za furu hazikuonekana tena.

Kwetu, Cohen na wenzake walilinganisha sehemu za ziwa zenye udongo mwingi na zenye udongo kidogo, na upande wa kaskazini wa Burundi ulikuwemo. Walihesabu samaki, na pia wadudu wadogo sana wa majini wanaoitwa ostrakodi, wenye magamba mawili kama kunde. Sehemu zilizoharibika sana, aina za ostrakodi zilikuwa pungufu kwa asilimia 40 mpaka 62. Samaki nao aina zao zilipungua. Hayo yalichapishwa mwaka 1993.

Angalieni mwaka huo. Miaka miwili nyuma, mwaka 1991, Bujumbura ilikuwa imepokea mkutano wa kimataifa wa kulinda viumbe wa ziwa. Halafu tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa, na kilichofuata wazazi wetu wanakijua. Nani angeenda kuhesabu konokono? Mwaka 1998 mafunzo ya vijana yanayoitwa Nyanza Project yalianza, lakini Kigoma, ng'ambo ya mpaka. Walisoma pale vijana wa nchi zote nne za ziwa pamoja na Wamarekani.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Udongo unatoka mlimani, hapo yuko sawa. Ila aulize kwa nini watu wanalima kwenye ukuta. Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia, na mashamba yao ya tambarare yakachukuliwa na wengine. Mtu aliyebaki na kipande kidogo mlimani atalima hicho hicho, hata kikiwa kinateleza. Si ujinga, ni njaa.

Na mama wa nyavu naye hajakosea, ila kuna kingine. Mwaka 2016 Cohen na wenzake walitoa utafiti wa matope ya chini ya ziwa, ambayo yanahifadhi mabaki ya samaki na konokono mwaka kwa mwaka. Upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa miaka ya 1950. Maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki tena vizuri na ya chini, kwa hiyo chakula hakipandi na hewa haishuki. Katika maeneo waliyopima, sehemu ya chini yenye hewa imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Joto hilo halikutoka kwa mkulima wa Muhuta mwenye jembe moja.

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli.

Nimalize na sisi. Kambi yetu ya Nyarugusu iko kwenye bonde la mto Malagarasi, na Malagarasi unamwaga Tanganyika. Lile korongo nyuma ya shule, ambalo kila masika linakula nyumba moja, udongo wake safari yake inaishia kwenye ziwa lile lile. Tumefukuzwa ufukweni lakini bado tunautumia matope.

Jumamosi saa moja asubuhi tunachimba makinga maji pale na kupanda miti. Majembe yapo sita, mwenye lake aje nalo. Mzee wetu amesema atakuja, na mimi nitamletea gamba moja la Gitaza ambalo mama alilibeba mfukoni tulipovuka. Lina kovu la kaa.