Rubani Aliyeishiwa na Mafuta

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa majaji wa shindano la hadithi fupi. Miongoni mwa hadithi zilizonivutia ilikuwepo moja kuhusu rubani wa ndege ya kivita. Jamaa anapaa, anakutana na adui mawinguni, wanapigana karibu nusu saa, risasi zinamiminika kama mvua ya masika, naye muda wote huo anamtolea adui maneno makali ya kishujaa. Lugha ilikuwa tamu, methali zimekaa mahali pake. Niliipa alama 82.

Jaji mwenzangu, mzee aliyekuwa fundi wa ndege za kivita kabla ya kuingilia ualimu, aliipa 40. Nikamuuliza kulikoni. Akavua miwani, akasema: "Mwalimu, hizo risasi zote huyu kijana alizibeba kwa nini? Kwa lori?"

Tulicheka, lakini swali lile halikunitoka. Miaka nenda miaka rudi nimewahimiza wanafunzi wangu wazingatie uhalisia, na kumbe mimi mwenyewe sikujua kwamba ndege ya Hurricane ya Vita vya Pili vya Dunia ilibeba risasi za kufyatua kwa takriban sekunde 15 tu. Sekunde 15, halafu bunduki zote 8 ziko kimya. Ndege ya jeti ya F-86 Sabre iliyopigana Korea haikuizidi sana. Ikabidi nirudi shuleni, yaani nianze kuwasoma waandishi waliowahi kukaa katika kile kiti.

Nilianza na mmoja ambaye sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kumdai kidogo. Wengi wanamjua Roald Dahl kwa vitabu vyake vya watoto. Kabla ya vitabu hivyo, mwaka 1938, alifika Dar es Salaam akiwa kijana mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, na huko akajifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka 1939 aliendesha gari kutoka Dar hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2, hata akiketi ndani ya kile kindege cha mafunzo, Tiger Moth, kichwa kilitokeza juu ya kioo cha kuzuia upepo. Baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo, akaachiwa aruke peke yake katika anga ya Nairobi.

Septemba 19, 1940, Dahl alitumwa kupeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi chake jangwani, kusini mwa Mersa Matruh nchini Misri. Alipewa maelezo ya mahali pa kutua, akafika, hakuona kitu. Akazunguka. Mchanga mtupu, jua linazama, sindano ya mafuta inashuka. Mwajiriwa wa kampuni ya mafuta akaishiwa na mafuta! Aliamua kutua popote, magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikajikita mchangani na kuwaka moto. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka, na kwa majuma kadhaa hakuona. Uchunguzi wa jeshi ulibaini baadaye kwamba maelezo aliyopewa hayakuwa sahihi.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1942 Dahl alikuwa Washington, ubalozini mwa Uingereza. Mwandishi C. S. Forester alimwomba ampe kumbukumbu za vita ili atunge makala. Dahl akaandika yeye mwenyewe, na mwezi Agosti mwaka huo simulizi ikatokea katika jarida la Saturday Evening Post, pasipo jina lake, chini ya kichwa kilichodai kwamba rubani huyo alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa na mtu. Wala hapo hapakuwa Libya.

Dahl aliwatupia wahariri lawama ya kichwa kile. Mimi siwezi kumsamehe kabisa, ingawa naelewa. Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imeingia vitani, na Uingereza ilihitaji mashujaa wenye matundu ya risasi, si kijana aliyepotea njia. Mwaka 1986, katika kitabu chake Going Solo, alisimulia mambo yalivyokuwa. Ilimchukua miaka 44. Nikilinganisha, ukweli ndio unaotisha zaidi. Adui wa risasi unaweza kumkwepa. Sindano inayoshuka huikwepi.

Waandishi wa jeti nao? Hapa ninamsifu James Salter, Mmarekani aliyeruka zaidi ya mara 100 katika vita vya Korea mwaka 1952. Riwaya yake The Hunters ilitoka mwaka 1956, akatumia jina la kubuni kwa kuwa bado alikuwa mwanajeshi. Msomaji anayetafuta fujo atachoka mapema. Kurasa nyingi ni za kungoja: baridi, karata, wivu, macho kuuma kwa kutafuta kijidoa cha ndege ya MiG-15 katika anga pana. Kutoka kambi ya Kimpo hadi mto Yalu palikuwa mbali, na Sabre ikifika huko ilibaki na dakika chache tu za kuranda kabla haijalazimika kurudi. Mapigano makubwa ya mwisho yanaisha, adui ameanguka, na ndipo hatari yenyewe inapoanza, maana marubani wawili wanarudi mafuta yakiwa yamekwisha, ndege zikiteleza hewani kimya. Mmoja anafika. Mwenzake anaanguka karibu kabisa na kiwanja.

Kisha kuna mwili. Rubani wa kilo 70 akikata kona kali, kwa kiwango ambacho marubani hukiita G 5, anakuwa na uzito wa kilo 350. Damu inakimbilia miguuni. Kwanza rangi hufifia, kisha anaona kama anayechungulia ndani ya mwanzi, halafu giza, hali macho yako wazi. Hapo hakuna hotuba ya kishujaa. Kuvuta pumzi kwenyewe ni kazi. Dahl aliondolewa vitani mwaka 1941 kwa sababu hiyo hiyo: lile fuvu lililopasuka lilimletea maumivu makali ya kichwa na kuzimia.

Sisi Wakenya hatukosi kisa. Katika jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, marubani wa ndege za F-5 huko Nanyuki walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki waruke kwenda kulipua Nairobi. Inasimuliwa kwamba ndege zilipindwa kwa ukali hadi mwasi aliyekaa kiti cha nyuma akalegea, na mabomu yakaishia katika msitu wa Mlima Kenya. Sijasoma bado riwaya ya Kiswahili iliyoingia ndani ya kile chumba cha rubani.

Ati Kiswahili hakina maneno? Rubani mwenyewe tulimtoa baharini. Alikuwa mwelekezi wa vyombo kabla hajapewa mabawa. Watu waliotofautisha omo na tezi, waliojua kubisha dhidi ya upepo, hawawezi kushindwa na jeti. Nilipomuuliza yule fundi wangu wanaitaje ule uzito wa kwenye kona, nilitarajia atataja kani za fizikia. Akajibu, "Marubani waliniambia ndege inakukalia." Nimelitafuta neno linaloshinda hilo, sijalipata.

Ile hadithi haikushinda. Nilimwandikia mtunzi wake nikimwomba ajibu swali moja kabla ya kuiandika upya: risasi ya kwanza inapofyatuliwa, tangi lina mafuta kiasi gani? Miezi miwili baadaye akaniletea kurasa nane. Adui ametoweka kabisa. Kuna rubani anayerudi kutoka doria ya mpakani, kuna sindano inayoshuka, na giza linaloingia kutoka upande wa ziwa Turkana. Yule fundi aliisoma kimya mpaka mwisho, kisha akaomba aisome tena.